Kiti cha Krismasi Ambacho Sikukisuka

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutoiachia mvua nafasi.

Nilitengeneza sanduku dogo la mbao mwezi wa tisa, wakati barabara ya kwetu Ngana ilikuwa vumbi tupu, nikalipima kwa rula mpaka mfuniko ukaingia bila kuacha hata upenyo wa wembe. Ulipokuwa ukishuka, hewa ilitoka taratibu kwa mlio kama wa mtu anayevuta pumzi usingizini, na mimi niliufungua na kuufunga mara nyingi ili niusikie mlio ule. Lilikuwa zawadi ya Krismasi ya baba, la kuwekea miwani yake na kisu chake cha kupasulia kakao. Nililifunga kwa majani makavu ya mgomba, nikaliweka juu ya kabati, nikasubiri sikukuu.

Mwezi wa kumi na moja mvua zikaanza, na mbao zikanywa unyevu. Siku ya Krismasi baba alivuta mfuniko kwa vidole. Akavuta kwa kucha. Akalipiga sanduku kwa kiganja, akalibana kati ya magoti, mwisho akaingia ndani na kutoka na panga.

"Fundi," aliniambia huku akichokonoa kwenye kona, "hili ni sanduku la miwani au ni kifungo cha maisha?"

Mama alicheka mpaka akaegemea mlango. Kutoka jikoni nikasikia mtu mwingine anacheka kwa kujizuia, na kicheko hicho kidogo ndicho kilichoniingia. Alikuwa mke wa kaka yangu.

Nieleze tulivyofika hapo. Mama ndiye aliyeleta utaratibu wa zawadi za mkono. Alikuwa amechoka na vikombe vya plastiki vinavyopasuka kabla ya Pasaka, na zaidi alikuwa amechoka kutuona tukishindana kwa vitu ambavyo hatukuwa na uwezo navyo. Akasema kuanzia mwaka ule hakuna cha dukani. Kila mtu alete alichotengeneza, au alichotengeneza upya. Mwezi wa nane tunaandika majina kwenye vikaratasi vinne, tunavitia kwenye kofia ya baba, na kila mmoja anachota mtu wake. Jina la kaka hatuliweki, kwa sababu yeye ni dereva wa lori na Krismasi nyingi humkuta njiani. Kwa hiyo tunabaki wanne: baba, mama, mimi, na shemeji yangu, mke wa kaka, anayekaa Mbugani pale mjini Kyela na kuja kwetu kila sikukuu.

Mimi nilifurahi kuliko wote. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kumsaidia baba shambani, na useremala nilijifundisha mwenyewe kwa video za kwenye simu na kitabu kimoja cha zamani kisicho na jalada. Nilikuwa na daftari la mawazo ya zawadi. Niliandika sabuni ya mawese. Niliandika kakao iliyokaangwa na kutwangwa na sukari, ya kutia kwenye chupa za jamu zilizooshwa. Niliandika mchele mpya kwenye vifuko vya vipande vya vitenge, usipa, wale dagaa wa ziwani, wakavu waliosagwa na pilipili, fremu za picha, mwiko wenye mpini wa kuchonga. Kila wazo nililichorea na vipimo. Nilijiona kwamba katika mchezo huu hakuna wa kunifikia.

Kumbe mwaka huohuo wa sanduku, shemeji alikuwa amemchota mama, akamletea chungu.

Yeye ni mtu wa ziwani, wa Ikombe, kule ambako unafika kwa mtumbwi na ambako wanawake wanafinyanga vyungu kwa mikono mitupu, wakikizunguka chungu wao wenyewe badala ya kukizungusha. Alikuwa amerudi kwao wakati wa kiangazi, akafinyanga kimoja kwenye uwanja wa bibi yake. Nilikipokea nikakigeuzageuza. Mdomo wake ulikuwa umelala kidogo upande mmoja. Karibu na ukingo kulikuwa na alama ya dole gumba. Niliingia chumbani, nikafungua daftari na kuandika: *Kimepinda. Kina alama ya kidole.* Nilisikia nafuu.

Nafuu hiyo haikudumu. Mama alipikia maharage kwenye chungu kile jioni ileile, akasema kimekaa vizuri kwenye mafiga. Kesho yake akasema tena. Akawaambia wanawake wa kwaya. Kila mgeni aliyekuja alionyeshwa ile alama ya dole gumba kana kwamba ni sahihi ya mtu mkubwa. Mimi sanduku langu lilikuwa chini ya kitanda cha baba, kona imepasuliwa na panga, na hakuna aliyelionyesha kwa mtu yeyote. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa namwonea wivu mwanamke kwa ajili ya chungu cha maharage. Ninaandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka uliofuata tulichota tena. Mimi nilimpata mama. Baba alichota, akasoma, akakikunja kikaratasi na kukitia mfukoni bila kusema. Shemeji hakuwapo, mama alimchotea na kumpelekea Mbugani siku ya soko. Wiki moja baadaye shemeji akanipigia simu.

"Shemeji, nimempata baba. Sasa nifanyeje?"

Nilielewa shida yake mara moja, na nikaona wivu kwamba ni yeye aliyempata. Kwetu mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Siku hizi watu wengi wamelegeza, hasa mjini, na mchungaji alishasema si dhambi kuliacha jambo hilo wala si dhambi kulishika. Nyumbani kwetu limeshikwa. Baba akiwa anakuja kutoka shambani hukohoa akiwa bado kwenye migomba, na shemeji kama yuko uani huingia jikoni. Hamtaji jina. Hampi kitu mkononi. Chakula anapika yeye, anakipeleka mama. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima, na kila mmoja wao anaijua kazi yake.

"Unataka kumpa nini?" nikamuuliza.

"Kile kiti chake. Naomba uniletee."

Baba ana kiti cha uvivu, fremu ya mbao ambayo zamani ilikuwa na turubai. Turubai lilichanika siku nyingi, akatia gunia la mpunga juu yake, na gunia nalo likabonyea. Nilikuwa nimepita mbele ya kiti kile kila siku kwa miaka. Nilikuwa nimekiona kama ninavyouona mlango. Kwenye daftari langu lenye michoro yote ile hapakuwa na kiti cha baba.

"Umejuaje kama kimeharibika?" nikasema, na nilijua sauti yangu haikuwa nzuri.

"Shemeji, mimi baba namwona mgongo tu. Kila nikichungulia jikoni, ni mgongo wake na kile kiti. Mgongo ule unateseka."

Wiki moja kabla ya Krismasi nilimwambia baba kwamba mguu mmoja wa kiti unacheza na nakipeleka kwa fundi. Nikakifunga nyuma ya baiskeli, nikaenda Mbugani. Nilikaa uani kwake nikamwangalia akifanya kazi, na sikufurahia hata dakika moja ya kumwangalia. Alikuwa ameomba nyuzi za nyavu kuukuu kutoka kwa baba yake anayevua, za kijani na buluu zilizopauka kwa jua, akazisokota tatutatu ziwe nene. Alikuwa na sindano ya nyavu ya mbao, laini kwa kushikwashikwa. Hakupima kitu. Kila jicho la wavu alilizungushia vidole vyake viwili, akakaza, akaenda linalofuata. Macho yalitoka sawa yote. Mimi na rula yangu tulikuwa tumekaa pale kwenye ndoo iliyogeuzwa tukiangalia.

Alipomaliza akasimama.

"Kaa, shemeji."

"Kaa wewe, si umesuka wewe."

"Nikae kwenye kiti cha baba mkwe? Unataka watu wa kwenu wanirudishe Ikombe kwa kuogelea?" Akacheka. "Kaa. Wewe na yeye mgongo ni mmoja. Mnakaa mmeegemea kushoto, wote wawili, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani."

Nilikaa. Wavu ukanipokea, ukashuka kidogo, ukasimama hapohapo mgongo unapotaka. Ilikuwa kweli nilikuwa nimeegemea kushoto. Miaka yote ile sikuwahi kujua kwamba ninakaa kama baba yangu, na aliyelijua alikuwa mtu asiyeruhusiwa hata kumtazama usoni. Aliniuliza kikoje. Nikamwambia kiko sawa. Neno "kizuri" lilikuwa mdomoni na nililimeza.

"Basi siku ya Krismasi utampa wewe," akasema. "Umwambie tu kimetoka kwangu."

"Nitamwambia."

Krismasi ikafika. Tulitoka kanisani na mvua nyepesi, mama na shemeji wakaenda moja kwa moja jikoni kwenye wali na kuku, mimi na baba tukabaki barazani. Mama nilikuwa nimeshampa zawadi yake asubuhi jikoni, baba akiwa hajaamka, vipande kumi na viwili vya sabuni ya mawese nilivyokata kwa rula, vinalingana mpaka kwenye kona. Alivinusa akasema ndaga fijo, ahsante sana mwanangu. Mama alikuwa amemshonea shemeji mto kwa vipande vya vitenge. Baba alikuwa amenichota mimi.

Akaingia ndani, akatoka na lile sanduku langu.

Alikuwa amelitengeneza. Ile kona aliyoipasua kwa panga alikuwa ameiziba kwa kipande cha mbao ya rangi nyingine. Mfuniko alikuwa ameukwangua pembeni, pande zote nne, kwa kisu, si kwa randa, na upenyo aliouacha ulikuwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Akaufungua kwa kidole kimoja. Ndani kulikuwa na punje za kakao alizozikaanga mwenyewe.

"Sasa linafunguka," akasema.

Leo ninajua alichokuwa anasema. Siku ile nilisikia kicheko cha mwaka uliotangulia. Niliutazama upenyo ule uliopinda nikaona kazi yangu imeharibiwa mara mbili, kwanza kwa panga, halafu kwa huruma. Nilikuwa nimesubiri mwaka mzima nitengeneze kitu cha kufuta sanduku lile, na mwenyewe ananirudishia mikononi. Nilisema ndaga. Nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba kuchukua kiti, na njiani nilikuwa na hasira ya mtoto mdogo.

Nikakiweka mbele yake. Nikaondoa kitenge nilichokifunikia.

Baba akapitisha kiganja juu ya wavu. Akabonyeza katikati kwa ngumi. Akageuka, akakaa polepole kama anayeingia kwenye maji ya mto, akaegemea, na mabega yake yakashuka. Sikuwahi kuyaona mabega ya baba yakishuka namna ile.

"Kumbe unaweza," akasema. "Hiki umekipatia."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi yenyewe ilikuwa ndefu, hakuna aliyenikatiza. Jikoni kwetu kuta ni za mianzi, na kijiko kilichokuwa kikigonga chungu huko ndani kikawa kimenyamaza. Nililisikia hilo pia. Nilijua anasikiliza, na nilijua hawezi kutoka kusimama mbele ya baba mkwe wake na kunisahihisha. Nililijua wazi kabisa, na niliegemea hapo.

"Ndaga, tata," nikasema.

Hilo ndilo neno nililosema. Nilishukuru. Kwa siku kadhaa nilijitetea moyoni kwamba sikudanganya, kwamba shukrani si uongo. Kijiko kikaanza tena kugonga chungu, taratibu kuliko mwanzo. Shemeji alikula jikoni na mama, akaosha vyombo, na jioni akapanda bodaboda kurudi Mbugani akiwa amekumbatia mto wake. Aliniaga kama kawaida. Nilitamani angeniaga vibaya.

Furaha niliyoisubiri haikuja. Nilichokuwa nacho ni baba anayekaa kwenye kiti kila asubuhi na kila jioni, na kila akikaa ananiita fundi, na safari hii haniiti kwa utani. Nilikuwa nimelipata neno nililolitaka tangu utoto, na kila likitamkwa nilikuwa natazama ule mlango wa jikoni. Wivu haukupungua pia. Uliongezeka. Sasa nilimwonea wivu mtu aliyekuwa amesuka kile kiti, na kwa macho ya baba mtu huyo nilikuwa mimi.

Siku ya tatu baada ya Krismasi mzee wa kanisa alipita kutusalimia. Baba akamkalisha kwenye kiti.

"Mwagonile," mzee alikuwa bado anasalimia, halafu akaacha katikati. "Eh. Hiki kiti umekitoa wapi?"

"Kwa huyu," baba akasema na kuninyooshea kidevu. "Kila siku anapimapima, nikasema huyu atatuzeekea na rula. Kumbe alikuwa anaiva."

"Basi na mimi nisukiwe. Changu nacho kimekwisha."

"Atakusukia kabla ya mwaka mpya. Sivyo, fundi?"

Nikasema sawa.

Nilichukua fremu kwa mzee, nikanunua uzi sokoni Kyela, nikafungua video, nikachora macho ya wavu kwenye karatasi, sentimita nne kwa nne, nikakata kipande cha mwanzi cha kupimia. Nilifanya kazi siku moja na nusu. Kwa kuutazama, wavu wangu ulikuwa mzuri kuliko wa shemeji, ninasema kweli, ungeweza kuuweka kwenye picha. Nikakaa. Vifundo vikateleza kimoja baada ya kingine, bila haraka, na makalio yangu yakafika chini. Nilibaki pale sakafuni ndani ya fremu ya kiti cha mzee wa kanisa, magoti yakiwa yamenifika kidevuni, na mtu wa kwanza niliyemfikiria alikuwa shemeji.

Nikafunga fremu na wavu wake uliolegea nyuma ya baiskeli, nikaenda Mbugani. Nilimkuta kibarazani anachambua mchele kwenye ungo.

"Mwagonile, shemeji," nikasema kwa unyenyekevu kuliko kawaida.

"Karibu, fundi," akajibu bila kuinua macho. Akaendelea na ungo wake. Nilisimama.

"Nimekuja unifundishe kile kifundo."

"Kifundo kipi?"

"Cha kiti."

"Kiti gani tena? Mimi sijawahi kusuka kiti. Nilisikia umesuka wewe." Akatoa jiwe dogo, akalitupa uani. "Tena nilisikia umekipatia."

Jirani yake alikuwa anakaanga mihogo upande wa pili wa njia na nilikuwa na hakika anatusikiliza.

"Kwa nini hukumwambia mama?" nikamuuliza. Ni swali la kijinga na nililiuliza.

"Nimwambie mama nini? Kwamba mwanao wa mwisho mwizi? Siku ya Krismasi?" Sasa akainua macho. "Na baba je? Nitoke jikoni nisimame mbele yake niseme hapana, ni mimi? Shemeji, ulijua siwezi. Hilo ndilo lililoniuma. Kiti si kitu, nitasuka kingine. Lakini ulijua."

"Nilijua," nikasema.

Akautikisa ungo. Mchele ukaruka na kurudi.

"Miaka mitatu napika nyumba ile," akasema, sauti ikiwa imeshuka. "Anachokijua kwangu ni chumvi. Ikizidi anakohoa, ikipungua anamwita mama. Nilitaka ajue kitu kingine, kimoja tu. Ajue kuna mtu kule jikoni ameuona mgongo wake."

Nilimwomba msamaha. Sikuomba vizuri, nilianza kueleza habari ya sanduku na upenyo na panga, na katikati ya maelezo nikajisikia jinsi nilivyokuwa mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe unanionea wivu mimi?" akauliza, na alionekana kushangaa kweli. "Wewe unayekaa naye baraza moja, unamwita tata, anakujibu? Mimi ndiye ningepaswa kukuonea wewe. Na ninakuonea, kama unataka kujua."

Haikuwahi kunijia akilini hata siku moja kwamba nina kitu cha kuonewa wivu.

Akaweka ungo pembeni, akaingia ndani, akatoka na sindano yake ya mbao.

"Kifundo nitakufundisha, si siri. Kinapita chini ya kidole, kinajifunga chenyewe ukikivuta. Wewe ulikuwa unakaza juu. Mzee wa kanisa atapata kiti chake." Akaniwekea uzi mkononi. "Lakini baba atajua kwa mdomo wako. Si wangu, si wa mama, si wa kaka yako."

Tulisuka mpaka mchana. Nilitoa mwanzi wangu wa kupimia, akaniambia niuweke mfukoni. Macho yangu yalitoka mengine makubwa mengine madogo, na yalishika.

Siku ya kuamkia mwaka mpya shemeji alikuja kumsaidia mama kutwanga. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu. Baba alikuwa kwenye kiti akinoa kisu chake. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwenye daftari, ukurasa mzima, na niliyasahau yote.

"Tata."

"Eeh."

"Hicho kiti sikukisuka mimi. Alisuka mke wa kaka. Mimi nilikibeba tu."

Kisu kikasimama juu ya jiwe.

"Na ulisema ndaga," akasema.

"Nilisema."

"Ndaga ya nini?"

Akaweka kisu chini, akainuka. Akakipindua kiti, akachuchumaa, akaviangalia vifundo kwa chini kimoja kimoja kama anavyoangalia punje za kakao akizipasua kujua kama zimeiva vizuri. Hakunitukana. Ningependa angenitukana, ningejua pa kuanzia.

"Yupo?" akauliza.

"Yuko jikoni na mama."

Akakohoa kile kikohozi chake. Halafu akatembea mpaka kona ya nyumba, akasimama akiwa ametazama migomba, mgongo ukiwa upande wa jikoni. Akaniashiria nisimame kati yake na mlango. Nilikuwa umbali wa mkono mmoja, lakini alisema kwa sauti ya kuvuka mto.

"Mwambie mkamwana wangu ndaga fijo. Mwambie mgongo umelala."

Kutoka pale mpaka mlango wa jikoni ni hatua sita. Shemeji alikuwa amesimama ndani na mchi mkononi, na alikuwa amesikia kila neno, kuta ni za mianzi. Lakini alisubiri. Nikaelewa kwamba lazima nilifikishe.

"Baba anasema ndaga fijo," nikamwambia. "Anasema mgongo umelala."

Alinitazama kidogo. "Mwambie baba nimeshukuru kusikia. Mwambie kikilegea asifunge gunia, anitumie."

Nikarudi hatua sita. Nikasema. Baba akauliza uzi ule ni wa wapi. Nikaenda. Akajibu ni wa nyavu za baba yake. Nikarudi. Baba akauliza kama huyo baba wa shemeji ni mzima na kama ziwa linatoa samaki msimu huu. Nikaenda. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa kimeinama, na nilidhani analia kumbe alikuwa anacheka jinsi ninavyokwenda na kurudi kwenye manyunyu kama mbuzi aliyekosa zizi. Baba akauliza ni nani aliyemfundisha yeye, mwanamke, kusuka, kazi ya wavuvi. Akajibu kwamba kwao hawakuzaliwa wavulana, na baba yake hakutaka nyavu zikae na matundu. Baba akaguna. Akasema nimwambie kwamba hata yeye alifundishwa kupika na mama yake kwa sababu hiyohiyo, hakuwa na dada. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kusikia hilo.

Nilifikisha neno kwa neno. Sikupunguza wala kupamba. Ilikuwa kazi pekee mwaka ule niliyoifanya bila kosa, na niliifanya nikiwa na wivu mpaka kwenye meno, kwa sababu asubuhi moja ile, akiwa amempa mgongo, baba alimwambia maneno mengi kuliko aliyoniambia mimi tangu mavuno ya mpunga.

Maneno yalipoisha akarudi kwenye kiti chake akakaa, akaegemea kushoto.

"Na lile sanduku?" akaniuliza bila kunitazama.

"Lipo."

"Linafunguka?"

"Linafunguka."

"Basi," akasema, akachukua jiwe la kunolea.

Ni Krismasi tatu zimepita tangu siku ile. Wivu bado ninao, mwaka jana shemeji alimfumia mama kawa la majani ya mnazi na nilikosa raha mpaka jioni. Kilichobadilika ni hiki. Ninapobeba kitu cha mtu mwingine, ninasema ni cha nani kabla sijakiweka chini. Na kila sanduku ninalolitengeneza wakati wa kiangazi, ninaliachia mfuniko nafasi ya kuvimba.